Meno Hayanyooshwi kwa Nguvu

(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, mbele ya wanachama, walimu na wanafunzi wa kidato cha tatu hadi cha sita)



Katibu wa chama aliponiandikia aliniomba nieleze kazi yangu kwa lugha ambayo mwanafunzi wa kidato cha tatu ataielewa, na ambayo mzee wa miaka sabini hatasinzia akiisikiliza. Sharti la kwanza nitajitahidi kulitimiza. La pili namwachia Mungu, maana pilau tumekwisha kula.

Kazi yangu ni udaktari wa meno. Ndani ya udaktari huo nimeshika tawi moja dogo, nalo ni kupanga meno yaliyokwenda kombo na kuyafanya ya juu na ya chini yakutane inavyopasa. Kitaalamu tawi hilo huitwa othodontia. Bila shaka mmewaona vijana wenye vyuma vidogo vilivyobandikwa juu ya meno, na waya umepita katikati yake. Vyuma hivyo huitwa braketi. Watu wengi hudhani kazi yake ni kuyavuta meno kwa nguvu, kama vile mtu avutavyo kisiki kwa kamba. Sivyo hata kidogo. Na dhana hiyo imekwisha kuwapotezea watu meno mazima, kama nitakavyoeleza.

JE, NI UREMBO?

Swali hili niliulizwa siku moja na mzazi, mkulima aliyemleta mwanawe wa miaka kumi na minne. Meno ya juu ya kijana yule yalichomoza mbele kwa milimita tisa kuyapita ya chini. Kwa kawaida tofauti hiyo ni milimita mbili au tatu tu. Nilipomtajia mzee gharama na muda, alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Daktari, huyu ni mtoto wa kiume, wala hatafuti mchumba. Kwa nini niuze ng'ombe kwa ajili ya sura?"

Sikumlaumu. Lilikuwa swali la mtu anayejua thamani ya mali yake. Nilichukua sanamu ya plasta tuliyoitengeneza kutokana na mdomo wa mtoto, nikayafumba mataya yake mawili, nikaigeuza ili mzee aione kwa nyuma. Meno ya chini yalikuwa hayagusi meno ya juu kabisa. Yalipanda moja kwa moja mpaka kwenye kaakaa na kulichoma. Nikamwomba kijana afungue mdomo, na pale kwenye kaakaa palikuwa na alama nyekundu za meno, kama nyayo. Mzee akatazama sanamu, akatazama mdomo, akasema: "Kumbe kila akila anajiuma mwenyewe."

Naam, hilo ndilo jibu. Meno ni chombo cha kazi. Meno ya mbele hukata, chonge hushika kona na kuongoza taya linapokwenda pembeni, magego husaga. Yasipokutana vizuri, mengine hubeba mzigo usio wake, mengine hukaa bure, na mahali yalipopandana mswaki haufiki. Meno yaliyochomoza sana huvunjika kwa urahisi mtoto akianguka au akipigwa na mpira uwanjani. Sura nayo ina uzito wake, nisije nikasema uongo. Kijana anayecheka huku amefunika mdomo kwa kiganja huficha vilevile sauti yake darasani. Lakini urembo ni faida inayofuata nyuma. Inayotangulia ni mng'ato.

WALIOTUTANGULIA

Kazi hii si ya jana. Mwaka 1728 daktari Mfaransa Pierre Fauchard alichapisha kitabu kikubwa juu ya meno, na ndani yake alieleza utepe wa chuma uliopindwa kama kiatu cha farasi, ambao meno yalifungwa kwa uzi ili yaufuate. Meno yalisogea, lakini yalisogea kwa kulala upande tu, mithili ya nguzo inayosukumwa kichwani.

Aliyeifanya kazi hii kuwa elimu yenye kanuni ni Mmarekani Edward Angle. Mwaka 1899 aliyagawa makosa ya mng'ato katika mafungu matatu, na mpaka leo tunayatumia. Alianzia kwenye gego la kwanza la kudumu, lile linaloota mtoto anapofika kama miaka sita. Alisema gego la juu lina vilima, na kilima chake cha mbele upande wa shavuni sharti kiingie katika bonde la gego la chini. Kilima kikikaa bondeni, hilo ni fungu la kwanza, na kama pana kosa, liko kwenye mpangilio wa meno mengine. Gego la chini likirudi nyuma ya mahali pake, ni fungu la pili. Likitangulia mbele, ni fungu la tatu. Kijana wangu wa ng'ombe alikuwa wa fungu la pili.

Mwaka 1925 Angle alileta braketi yenye mfereji wa mstatili, na mfereji huo ndio kiini cha mambo yote nitakayoyasema. Waya wa mviringo ndani ya mfereji huzunguka ovyo. Waya wa mstatili ndani ya mfereji wa mstatili hauzunguki. Ukiusokota kidogo kabla ya kuuingiza, nao hulisokota jino mpaka kwenye mzizi. Kwa njia hiyo daktari aliweza kulisogeza jino zima, kichwa na mzizi pamoja, badala ya kulilaza tu.

Zamani hizo kila jino lilivishwa pete ya chuma ili braketi ipate pa kushika. Mwaka 1955 Michael Buonocore, naye wa Marekani, alionyesha kwamba gamba la jino likipakwa asidi kwa muda mfupi huparuzika, na vitu vya plastiki vikashika juu yake. Kutokana na ugunduzi huo braketi zikaanza kubandikwa kwa gundi moja kwa moja juu ya jino. Kisha mwaka 1972 Lawrence Andrews alitoa matokeo ya kuchunguza sanamu 120 za watu waliojaliwa meno mazuri bila kuguswa na daktari. Aliona mambo sita yanayofanana: magego yamekutana mahali pake, kila jino limeinama kiasi chake kuelekea mbele, kila jino lina mwegamo wake kuelekea ndani au nje, hakuna lililozunguka, hakuna nafasi kati ya meno, na safu ya chini imekaa karibu bapa. Andrews akatengeneza braketi ambazo mwinamo na mwegamo wa kila jino umekwisha kuchongwa ndani ya mfereji. Tangu hapo chonge lina braketi yake, gego lina yake, na huwezi kuzibadilisha.

KIPIMO NDANI YA MDOMO

Mmemwona fundi mwashi akitandika matofali. Hufunga uzi kutoka kona hadi kona, naye hulileta kila tofali kwenye uzi. Katika mdomo uzi ni waya, matofali ni meno, lakini hapa uzi wenyewe ndio unaoyaleta matofali. Waya wa kwanza huwa mwembamba, kama milimita 0.36, wa mchanganyiko wa nikeli na titani. Madini haya yana tabia ya ajabu: ukiupinda waya ufuate meno yaliyopotoka, wenyewe hukumbuka umbo lake la awali, na polepole hurudi huko ukiyabeba meno. Baadaye huwekwa mnene zaidi, na mwisho wa chuma cha pua, wa mstatili, wenye milimita 0.48 kwa 0.64. Mfereji wenyewe katika braketi nyingi una kimo cha milimita 0.56. Utaona kwamba imebaki nafasi ndogo sana kati ya waya na mfereji. Hata hiyo ndogo yatosha kuliacha jino limekosea kwa nyuzi kadhaa, na ndiyo sababu daktari hapumziki mpaka siku ya mwisho, akikunja waya kwa koleo hapa na pale.

Lakini kosa kubwa zaidi laweza kufanyika siku ya kwanza, wakati wa kubandika. Braketi ikikaa juu kwa nusu milimita kuliko inavyopasa, waya utalishusha au kulipandisha jino kwa nusu milimita ile ile. Ikikaa mshazari, jino litakuja mshazari. Waya ni mtiifu. Haujui kwamba braketi imekosewa. Kwa hiyo tunasafisha jino, tunalipaka asidi ya fosforiki kwa sekunde kama 30, tunaliosha na kulikausha mpaka liwe jeupe kama chokaa, kisha tunapima kutoka ncha ya jino kwa kipimo maalumu kabla gundi haijagandishwa kwa taa. Mgonjwa hulalamika kwamba daktari anachelewa. Na achelewe.

MFUPA NDIO UNAOFANYA KAZI

Sasa nirudi kwenye lile la nguvu. Jino halikupigiliwa mfupani kama msumari. Kati ya mzizi na mfupa pana utando wa nyuzinyuzi wenye unene kama robo ya milimita, nao una mishipa ya damu. Jino likisukumwa polepole, utando hubanwa upande mmoja na kunyooshwa upande wa pili. Upande uliobanwa zinakuja chembe hai zinazokula mfupa. Upande ulionyooshwa zinakuja nyingine zinazojenga mfupa mpya. Jino husogea pamoja na nyumba yake. Msweden Carl Sandstedt aliyaona haya kwa darubini mwanzoni mwa karne ya 20, alipochunguza meno ya mbwa aliyoyasogeza kwa waya.

Je, yahitajika nguvu gani? Kuliinamisha jino moja la mbele yatosha nguvu ya gramu 35 hadi 60. Huo ni kama uzito wa yai moja la kuku. Ukizidisha, mishipa ya damu hufungwa, utando hufa mahali hapo, na jino badala ya kwenda mbio hukwama kwa majuma kadhaa huku mgonjwa akiumia bure. Ukiendelea kulazimisha, mzizi wenyewe huanza kuliwa na kuwa mfupi. Mwendo salama ni kama milimita moja kwa mwezi. Ndiyo maana matibabu huchukua mwaka mmoja na nusu, miwili, au zaidi.

Kijana niliyemtaja alinyooka meno ya mbele baada ya miezi minane. Akaja na baba yake, wote wawili wanacheka, wakataka vyuma vitolewe. Ukimtazama usoni ungesema kazi imekwisha. Lakini alipouma, magego yake bado yalikuwa ya fungu la pili, na meno ya chini bado yaligusa kaakaa. Nikamwonyesha mzee sanamu ya pili. Mara hii hakuuliza swali. Alimgeukia mwanawe akasema, "Tutasubiri." Wakasubiri. Kijana alivaa mipira midogo ya kuvuta kutoka chonge la juu hadi gego la chini, usiku na mchana, akiivua wakati wa kula tu. Kilima kilipoingia bondeni ulikuwa mwezi wa ishirini na sita.

Nawaambieni wanafunzi: mipira ile haikuvaliwa na daktari. Mimi nilimwona kila baada ya majuma manne au sita, kwa dakika ishirini. Siku nyingine zote alikuwa na braketi zake, mswaki wake na dhamiri yake. Asiyepiga mswaki kandokando ya braketi hutolewa vyuma akiwa na meno yaliyonyooka yenye mabaka meupe, mwanzo wa kuoza. Atafunaye mua, mifupa na bisi ngumu hung'oa braketi. Na vyuma vikisha kutolewa, kazi haijaisha, kwa kuwa nyuzi za fizi hukumbuka mahali pa zamani na hulivuta jino lirudi. Sharti livaliwe bamba la kushikilia, au waya mwembamba ubandikwe nyuma ya meno, kwa miaka mingi. Siku hizi yapo pia mabamba angavu ya plastiki ambayo wengine hutibiwa nayo badala ya braketi. Kwa baadhi ya wagonjwa yanafaa sana. Lakini mfupa ni ule ule, na mwendo wake ni ule ule.

MAMBO YA KWETU

Ndugu Mwenyekiti, naomba sasa niwageukie wazazi na mababu.

La kwanza ni yale yanayoitwa meno ya nailoni. Tangu miaka ya 1980 wataalamu wa Tanzania wameandika juu ya desturi hii. Mtoto mchanga anashikwa na homa au kuhara, mtu anamfunua mdomo, anaona uvimbe mweupe kwenye ufizi mahali pa chonge, anasema hilo ni jino baya, nalo linachokolewa kwa kisu au kwa spoku ya baiskeli. Ndugu zangu, uvimbe ule ni chonge la utoto linalojiandaa kuota. Homa ina sababu nyingine, nayo huachwa bila dawa. Watoto wametoka damu nyingi, wamepata maambukizo, na wengine wamekufa. Wanaopona, chonge la kudumu lililolala chini yake mara nyingi huharibika au haliji kabisa. Chonge ni nguzo ya kona. Mimi naweza kusogeza jino lililo kombo, lakini hakuna braketi inayobandikwa kwenye jino lisilokuwapo. Mtoto akiwa na homa, apelekwe zahanati.

La pili ni kung'oa ovyo meno ya utoto kwa kuwa "yatatoka tu." Jino la utoto humshikia nafasi mwenzake. Likiondoka kabla ya wakati, majirani huegemea, na la kudumu hukuta mlango umefungwa. Ni afadhali kuliziba kuliko kuling'oa, kama linazibika.

La tatu ni maji. Wenzetu waliokulia kando ya Mlima Meru na sehemu nyingine za Bonde la Ufa wana meno ya kahawia kwa sababu ya floridi nyingi katika maji. Si uchafu, na msiwacheke. Gamba la meno hayo halikubali asidi kwa urahisi, na gundi hushika kwa shida. Wanatibika, ila daktari aambiwe mtu alikulia wapi.

La nne ni mwanya. Andrews anataka meno yasiwe na nafasi. Lakini kwetu mwanya wa mbele ni uzuri unaosifiwa, na kama mng'ato ni mzima mimi siugusi mpaka mwenyewe aniombe. Kipimo cha ugonjwa ni kazi ya meno. Ladha ya macho kila watu wana yao.

Ila wanafunzi, nisikieni vizuri hapa. Wapo vijana wanaojaribu kuziba mwanya kwa kufunga mpira mdogo kuzunguka meno mawili ya mbele, kwa kuwa wameona picha katika simu. Jino ni jembamba kuelekea mzizini. Mpira huteleza chini ya ufizi, hupotea machoni, na huendelea kupanda ukikata utando ule wa robo milimita mpaka meno mawili mazima yanalegea na kutoka. Matukio ya namna hii yameandikwa katika majarida ya meno ya nchi nyingi. Mwanya utazibika kweli, kisha utakuwa pengo.

Mwisho, gharama. Si ndogo, na wataalamu wa tawi hili ni wachache, nao wengi wako miji mikubwa. Kwa hiyo nasema wazi: si kila jino lililopinda linahitaji chuma. Mtoto atazamwe anapofika kama miaka saba, wakati magego ya kwanza yameota, ili ijulikane kama pana kosa la kungojea au la kushughulikia. Waswahili husema samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo ni kweli kwa mataya, ambayo hukua utotoni tu. Kwa meno si kweli yote. Mtu wa miaka hamsini mwenye fizi na mfupa mzima aweza kunyooshwa, ila kwa mwendo wa pole zaidi. Kwa hiyo wazee wangu msikate tamaa.

Kwenu vijana mnaofikiria kuishika kazi hii: njooni. Yote niliyoyaeleza leo mnayo tayari katika madaftari yenu. Nguvu na mizunguko yake mnaisoma kwenye fizikia, chembe za mfupa kwenye biolojia, asidi na madini kwenye kemia. Mnachopaswa kuongeza ni mkono uliotulia na moyo wa kungoja. Yule kijana aliyejiuma mwenyewe alimaliza matibabu, na baba yake hakuniambia kwamba mwanawe amekuwa mzuri. Aliniambia, "Sasa anakula mahindi ya kuchoma." Mimi kwa kazi yangu sihitaji sifa kubwa kuliko hiyo.

Niko tayari kwa maswali, hata ya mzee aliyesinzia.